Kabla hujasema "wameiba", anza na besi

Kibanda changu kipo Miyomboni, Iringa mjini, na kazi yangu ni kuingiza nyimbo. Nilianza 1996 nikirekodi kaseti, zikaja CD nikachoma CD, leo naingiza kwenye flashi na memori kadi. (Najua sheria ya hakimiliki ya 1999 ipo na kazi kama yangu haikai nayo vizuri. Huo ni ubishi mwingine, tuuache.) Wateja wangu ni madereva wa Fuso wanaopita na viazi na mbao za Njombe na Makambako, makonda wa mabasi ya Mbeya, vijana wa bodaboda wa Kihesa, na wazee ambao hawataki hata kusikia habari ya kutafuta wimbo kwenye simu. Wakishawekewa nyimbo zao hawaondoki. Benchi lipo, jua la asubuhi linapiga hapo hapo kwenye benchi, na kwa baridi hii ya Juni nani ana haraka? Basi ubishi unaanza. Nani kahama bendi, nani katoa kitu kipya, na mwisho wa yote, kila siku ya Mungu, mmoja anasema: "Huu wimbo wameiba."

Nataka nikuonyeshe namna ya kulichunguza neno hilo kabla halijakutoka mdomoni, maana mimi lilishanigharimu lita tano za ulanzi, pombe yetu ya mianzi.

Dereva mmoja wa Tunduma, mtu mzima ninayemwamkia shikamoo, aliniomba "Shauri Yako". Nikamwekea ya Super Mazembe. Akasikiliza nusu dakika, akavua hedifoni. "Siyo hii, mwanangu. Hawa wameiba." Nikamwambia, baba, huu ni wimbo wa Mazembe, Afrika Mashariki nzima inajua. Tukawekeana. Ulanzi nikanunua mimi: wimbo ni wa Nguashi Ntimbo, Mkongo aliyeupiga na bendi ya Festival du Zaire, Mazembe wakaurudia wakiwa Nairobi. Lakini mzee naye hakushinda mzimamzima. Mazembe wenyewe walikuwa Wakongo, walianzia kwao, wakapitia Zambia, wakaingia Nairobi 1974. Watu wa ukoo mmoja wamerudia wimbo wa ndugu yao, na walaji wa mwisho tukawa sisi. Yeye alikosea kuhusu wizi, mimi nilikosea kuhusu mwenye wimbo. Tukaunywa pamoja.

Sasa kazi. Kitu cha kwanza, usilinganishe nyimbo kwa spika ya simu. Spika ile ni ndogo kama kifungo cha koti, haina uwezo wa kutoa besi. Unachosikia ni sauti ya mwimbaji na vibati vya dramu. Watu wawili wakiimba kwa huzuni kuhusu mwanamke aliyeondoka, kwenye simu wote ni mtu mmoja. Tafuta hedifoni hata za elfu tatu, au sabufa ya jirani. Halafu usiufuate mdomo wa mwimbaji. Shuka chini kabisa, kamata gitaa la besi, lifuate peke yake kuanzia mwanzo mpaka mwimbaji anapoingia. Likishakaa kichwani, panda kwenye gitaa la rizimu, lile linalokwaruza bila kuchoka. Kisha solo. Kisha tarumbeta na mdomo wa bata, yaani saksafoni. Mwimbaji awe wa mwisho. Ukifuata njia hiyo kwa nyimbo mbili zinazodaiwa kufanana, nusu ya ubishi itakufa kabla hujafika kwenye tarumbeta.

Pima na mwendo. Tazama saa, gonga meza kwa kufuata dramu kwa sekunde 15, hesabu mara ulizogonga, zidisha kwa nne. Huo ndio mwendo wa wimbo kwa dakika. Andika. Nina daftari la kaunta kwa kazi hiyo, na limeshaniokoa mara nyingi, kwa sababu kumbukumbu ya mtu huharakisha wimbo anaoupenda.

Ila angalia kitu kimoja. Kama wimbo umetoka kwenye kaseti, usiuamini mwendo wake. Redio kaseti ina mkanda mdogo wa mpira ndani. Ukilegea, au betri zikichoka, kaseti inazunguka polepole, wimbo unachelewa na sauti inakuwa nzito. Mama mmoja wa Mlandege aliniapia kwamba Marijani Rajab, yule tuliyemwita Jabali la Muziki, aliimba wimbo mmoja mara mbili, mara moja kijana na mara moja "baada ya kukua". Nikachukua kaseti yake, nikaiweka kwenye deki yangu. Jabali la Muziki akarudi ujana palepale. Na siku hizi kuna balaa jipya: wanaopandisha nyimbo za zamani mtandaoni huzikimbiza kidogo au kuzishusha makusudi ili mitambo isizitambue. Kwa hiyo ukikuta nakala mbili za wimbo mmoja, moja juu moja chini, usikimbilie kusema bendi ilirekodi mara mbili.

Halafu kuna suala la nusu. Hili limewapiganisha watu wengi kwenye benchi langu, na jibu lake ni jepesi mno. Santuri ndogo za zamani, zile za kuzunguka mara 45 kwa dakika, upande mmoja ulibeba dakika nne, tano hivi. Wimbo wa dansi haukubali kuisha kwa dakika nne. Kuna maneno ya taratibu, kuna kiitikio, kisha kuna chemko, magitaa yanapoachiwa na watu wanavua makoti. Basi wimbo ulikatwa: maneno upande wa kwanza, chemko upande wa pili. Miaka ikapita, mtu mmoja akaihamisha santuri yake upande mmoja tu, mwingine akahamisha ule mwingine, kila mmoja akaupa jina analolijua. Ndiyo unapata watu wawili wazima, mmoja ana kichwa na mwingine ana miguu, wanabishana nani kamwiga nani. Ukisikia wimbo unaoanza ghafla umeshachemka, bila salamu, tafuta kichwa chake kwanza.

Kingine cha kujua: Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, watu wote chumba kimoja wakipiga kwa pamoja, na aliyetaka santuri kazi yake ilibidi ipelekwe Nairobi. Mpaka na Kenya ukafungwa 1977, ukaja kufunguliwa 1983. Nyimbo nyingi za katikati hapo tulizijua kwa redio tu, na nakala zilizobaki mitaani ni za watu waliorekodi kutoka redioni, mtangazaji akiingilia mwishoni, jogoo akiwika nyuma. Ukipata nakala ya namna hiyo usiidharau. Jina analolitaja mtangazaji mara nyingi ni sahihi kuliko lililoandikwa mtandaoni, ambako kila wimbo wa gitaa tamu hupewa mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe.

Tuje kwenye kufanana kwenyewe. Kama umewahi kuimba kwaya, na huku kwetu nani hajaimba kwaya, unazijua do, fa na so. Nyimbo za dansi zisizohesabika zimesimama juu ya ngazi hizo tatu: besi inakaa do, inakwenda fa, inapanda so, inarudi nyumbani. Nyimbo mbili kufuata njia hiyo siyo kesi. Nyumba za Iringa zimejengwa kwa tofali za kuchoma toka tanuru zilezile, lakini huwezi kumshika mtu kwa sababu tofali zake zinafanana na zako. Vivyo hivyo mlio wa vijiti, ule wa pa, pa, pa – pa, pa. Huo ulitufikia kutoka Kuba kwa santuri zilizoanza kuja Afrika miaka ya 1930, ukaingia rumba ya Kongo, ukaingia dansi yetu. Ni mali ya ukoo.

Kwa hiyo lile jaribio ambalo kila mtu analitumia, la kuimba maneno ya wimbo huu juu ya ala za wimbo ule, halitoshi. Yatakaa, sawa. Hata maneno ya wimbo wa harusi yatakaa. Unachotafuta ni kile kipande ambacho mtu alikitunga: kisauti cha gitaa kinachojirudia, au mstari wa tarumbeta kati ya ubeti na ubeti. Kiandike kwa solfa, noti kwa noti. Kiandike na cha wimbo wa pili. Kama vimelingana noti tatu nne, ni bahati, noti ziko saba tu. Kama vimelingana mstari mzima, noti na urefu wake, na vyote viko mahali palepale katika wimbo, hapo una haki ya kuinua kidole. Usiliseme bado neno lako, inua kidole tu.

Kwa nini usiseme bado? Kwa sababu hujauliza nani alipiga. Dansi la Tanzania ni muziki wa watu waliokuwa wakihama, na mtu akihama hahamishi nguo peke yake. Mchukue Muhidin Gurumo. Aliimba bendi ya NUTA, ile iliyokuja kuwa Juwata na mwisho Msondo. 1978 akawa miongoni mwa waliouanzisha moto wa Mlimani Park, yaani Sikinde. 1985 akachukuliwa na Safari Sound. Baadaye akarudi Msondo mpaka alipostaafu 2013. Hassan Bitchuka naye amepita njia inayokaribia hiyo. Sasa wewe shabiki wa Sikinde unayeapa kwamba Msondo wameiga sauti yenu, unajua unamtuhumu mzee yule kwa kujiiba mwenyewe? Msondo na Sikinde ni kama Simba na Yanga, lakini Simba na Yanga nako wachezaji huhama, na hakuna anayesema chenga ya mchezaji ni mali ya klabu ya zamani.

Ndiyo maana chemko lisikilizwe mpaka mwisho. Pale waimbaji hutaja majina: wanamwita mpiga solo, wanamsifu wa besi. Yanasikika kwa shida, rudia mara tano. Jina moja ulilolinasa linaweza kukuambia bendi gani, kipindi gani, na kwa nini gitaa lile linafanana na la bendi nyingine.

Jina la bendi nalo ni kalenda. NUTA Jazz ni kuanzia 1964. Juwata ni mwishoni mwa miaka ya 70 kwenda mbele. Ukiona OTTU Jazz umeshafika miaka ya 90. Msondo Ngoma ni ya baada ya hapo. Bendi ni ileile. Yeyote mwenye "du Zaire" kwenye jina, nchi hiyo iliitwa hivyo 1971 hadi 1997 tu. Na zile za mashirika, Urafiki ya kiwanda cha nguo, UDA ya mabasi, Bima Lee ya watu wa bima, mlinganisho wowote unaofanya uanze na swali la mwajiri: bendi ilipiga vyombo vya shirika, na mpiga gitaa akiondoka vyombo vilibaki. Gitaa lilelile likapigwa na mkono mwingine. Hata mlio unaweza kufanana kwa sababu ya mbao na waya, bila mtu kumwiga mtu.

Hapa Iringa sisi tuna ugonjwa wetu, na unaitwa Tancut Almasi. Kiwanda cha kukata almasi kilikuwa hapa, almasi zenyewe zikichimbwa huko Mwadui, na miaka ya 80 bendi yake ikawa na mapacha, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Watu wa rika langu wakisikia sauti mbili za kiume zikipanda pamoja hawahitaji zaidi: "Tancut hao!" Hapana, ndugu zangu. Sauti mbili kwenda sambamba, mmoja yuko do na mwenzake yuko mi juu yake, ni desturi ya rumba nzima. Kuwatambua mapacha wale unahitaji masikio ya pumzi: sikiliza wanavyomaliza neno. Watu wawili wa kawaida, mmoja huachia neno kabla ya mwenzake. Hao wanaliachia pamoja kama mlango unaofungwa. Nimewahi kupima hivyo nikapatia, nimewahi kupima hivyo nikakosea, lakini kukosea kulikuwa kuchache.

Kwa nyimbo za vijana kanuni ni ileile, vyombo ndivyo vimebadilika. Kijana wa bodaboda alinijia na nyimbo mbili za Bongo Fleva akisema huyu kamwibia huyu biti. Nikamwambia ashuke kwenye besi. Kote kuwili kulikuwa na ule mdundo unaolia kama mtungi unaopigwa kwa kiganja, logi dramu ya amapiano, ambayo mwenyewe ni Afrika Kusini. Wote wawili wameazima kwa jirani mmoja. Singeli nayo ilianza kwa kukata vipande vya taarabu na kuvikimbiza. Humo kufanana ndiyo kazi yenyewe. Kilichobaki kwa nyimbo hizi ni kuangalia nani ametengeneza biti, kwa sababu mtayarishaji mmoja huwauzia watu kumi, na ana mkono wake kama fundi seremala alivyo na mkono wake. Mara nyingi jina lake linatajwa sekunde tano za mwanzo. Unaliruka kila siku.

Kuhusu habari za bendi na nyimbo mpya sina mengi. Tarehe iliyo chini ya wimbo mtandaoni ni siku mtu alipoupandisha. Nimeletewa "kibao kipya" cha Mbaraka Mwinshehe, na mwenye simu alikuwa na furaha mpaka nikaona huruma kumwambia kwamba mwenyewe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Ukiona jipya kutoka kwa mkongwe, uliza mambo matatu: yuko hai, yuko bendi gani leo, na sauti ni ya umri huo? Sauti ya mtu wa miaka sabini haifanani na ya thelathini hata aimbe nyimbo zilezile.

Na habari za misiba zisubirishe. Mwaka fulani tuliambiwa mwanamuziki mmoja mkongwe katutoka. Benchi zima likanyamaza, tukachanga rambirambi, ikafika elfu ishirini na tatu. Jioni konda mmoja akashuka kutoka Dar akasema jana usiku alimuona jukwaani, tena kwa macho yake, tena alikuwa amevaa suti nyeupe. Tukatazamana. Kurudishiana elfu mbilimbili kulionekana ni aibu kuliko kosa lenyewe, tukanunua nyama. Tangu siku hiyo kwangu habari ya msiba haiingii mpaka isemwe na familia au kiongozi wa bendi, kwa jina lake, siyo "nimetumiwa kwenye grupu".

Ukibishana na mzee, mpe salamu yake kwanza, Kamwene kama ni wa huku, shikamoo kama humjui. Usimwambie amekosea. Muulize alikuwa wapi alipousikia wimbo huo mara ya kwanza. Atakuambia alikuwa shule, au ndiyo kwanza ameajiriwa, au reli ya TAZARA ilikuwa bado mpya na alikuwa anakwenda Mbeya kuposa. Hapo umeshapata mwaka bila kumkosea adabu, na mara nyingi mwaka huo peke yake unaonyesha wimbo upi ulitangulia.

Ukija kwangu kutafuta wimbo usiojua jina, usiniimbie maneno. Maneno tumeyachanganya sote. Nipigie mluzi wa gitaa la mwanzo, uniambie kama kuna tarumbeta, na uliusikia kwa redio, kwa kaseti au ukumbini. Kwa hayo matatu nawapatia wengi.

Siyo wote. Kwenye daftari la kaunta kuna ukurasa nimeukunja pembe. Dereva wa Njombe alinipigia mluzi wa wimbo mmoja 2009, akasema aliusikia Makambako kwenye kaseti ya lori, solo inaanza peke yake kabla ya besi kuingia, hakuna tarumbeta kabisa: so so la so, mi, re re mi do, inarudi mara mbili, ya pili inaishia so ya chini. Mwendo 112. Nimejaribu bendi zote ninazozijua. Akipita kila baada ya miezi miwili mitatu hashuki hata kwenye gari, anapiga honi, ananitazama, natikisa kichwa, anaondoka.